Sura ya Saba: Ripoti Iliyopigiwa Makofi

"Mwizi hukamatwa na kidhibiti. Huyu mtoto mmemkamata na nini?"

Ernesta Mmbaga aliuliza hivyo akiwa bado mlangoni mwa ofisi ya Kilele Matangazo, juu ya duka la saruji, Same mjini, pale ambapo mabasi ya Arusha hupunguza mwendo kidogo tu. Hakungoja kukaribishwa. Alikuwa amefanya kazi ya upelelezi polisi kwa muda mrefu kabla ya kuvua sare na kujitegemea, na alijua kwamba ofisi inayokimbilia kukuletea soda imeshapanga cha kukwambia.

"Dada Ernesta, kaa kwanza," alisema Melkizedeki Senkoro, mwenye kampuni. "Tukuletee soda?"

"Mimi si dada yako, na asubuhi sinywi soda. Mama yake Asteria amekuja kwangu analia. Binti yake yuko mahabusu tangu jana, kesho anapelekwa mahakamani. Nieleze."

Melkizedeki alikuwa na shati jeupe lililonyooshwa vizuri na saa kubwa mkononi. Nyuma yake ukutani ilining'inia picha ya milima ya Upare, kubwa kuliko dirisha, ingawa dirisha lenyewe lilitazama milima hiyo hiyo.

Alieleza. Kampuni yake ilikuwa inautangazia mtandaoni Ushirika wa Tangawizi wa Ndivani, kijiji kilicho juu ya Gonja. Kila mwezi ushirika ulipelekewa ripoti: tangazo limeonwa na watu wangapi, wanunuzi wangapi wameomba mzigo. Ripoti ya mwezi uliopita ilisema wanunuzi ni wengi kupita kiasi. Wakulima wakang'oa tangawizi yote kwa mpigo, changa na iliyokomaa, wakajaza ghala. Hakuja mnunuzi hata mmoja. Sasa tangawizi inaoza, na ripoti ilipochunguzwa, namba zote zilikuwa za kubuni.

"Na aliyebuni ni Asteria?"

"Yeye ndiye mtu wangu wa ripoti. Ripoti imetoka kwenye akaunti yake. Jina lake lipo chini ya kila ukurasa. Mimi na mwenyekiti wa ushirika, Mzee Elibariki, tulikwenda polisi pamoja."

"Akaunti ya nini?"

"Ya programu. Kampuni ya matangazo yenye heshima zake haiandiki ripoti kwa mkono, ina programu maalumu ya kutolea ripoti kwa wateja. Na sisi tulikuwa tunachagua yetu. Tulikuwa tunajaribu mbili, Grafiko na Ripotika."

"Mkachagua ipi?"

"Ripotika. Ni nyepesi, ina rangi nzuri, mteja akiifungua anafurahi."

"Na ile nyingine ina ubaya gani?"

"Grafiko? Ngumu ile. Inavuta namba yenyewe moja kwa moja kutoka kule tangazo lilikowekwa, wewe huwezi hata kurekebisha."

"Kurekebisha nini?"

Melkizedeki alisogeza kalamu yake kutoka kushoto kwenda kulia. "Makosa," alisema.

"Asteria alikuwa anataka ipi?"

"Grafiko. Alishupaa kweli. Mtoto ana kiburi yule, mbele ya wenzake alinibishia kikao kizima."

Ernesta alilipima neno hilo. Mtu anatuhumiwa kubuni namba, na mtu huyo huyo alipigania programu isiyoruhusu kubuni namba! Kama polisi wangekaa dakika tano na neno hilo moja, mtoto angekuwa kwao anakula makande. Lakini polisi waliletewa mlalamikaji mwenye mvi na msindikizaji mwenye saa kubwa, na katika nchi hii mvi na saa vikiongozana, nani atauliza swali?

"Ripotika inaonyesha nani alibadilisha namba, na lini?" aliuliza.

"Ile ya kulipia, ndiyo. Sisi bado tuko kwenye jaribio la bure. Jaribio halitunzi kumbukumbu hizo."

"Bahati yako."

"Samahani?"

"Nimesema bahati mbaya. Naomba ripoti yenyewe, kurasa zote. Na nitaongea na kila mtu wa ofisi hii."

"Tumebaki wawili tu. Mimi na Salimu."

Salimu alikuwa kijana wa Makanya, mtoto wa mfanyabiashara, kazi yake kutafuta wateja wapya. Ernesta alimkuta kwenye kibaraza cha nyuma anavuta sigara, macho yake kwenye reli kule chini. Jina lake lilikuwa limeshatajwa. Asubuhi ile mama wa Asteria alisema kwamba Salimu aligombana na binti yake mbele ya watu, na kwamba mama muuza chai wa pale chini alimwona kijana huyo ameketi mezani pa Asteria wiki ile ile ripoti ilipotoka.

"Shikamoo," alisema Salimu, akaizima sigara.

"Marahaba. Ulimwambia Asteria atatoka hapa ofisini akiwa amefunika uso. Kweli, si kweli?"

"Kweli. Nilikuwa na hasira. Alimwambia bosi kwamba wateja ninaowaleta ni wa hewa."

"Walikuwa wa hewa?"

"Wawili walikuwa wa hewa."

"Angalau unasema. Mezani pake ulikaa kufanya nini?"

"Kila mtu anakaa pale, mama. Kompyuta ya ofisi ni ile, programu tunaifungulia pale."

"Programu iko kwenye akaunti ya Asteria."

Kijana alitazama mlango, kisha akashusha sauti. "Jaribio la bure linakupa akaunti moja tu. Mtumiaji mmoja. Bosi alimwambia Asteria aandikishe, akaandikisha kwa jina lake, paswedi tukapewa wote watatu. Mimi nimeingia kwa jina la Asteria. Bosi ameingia kwa jina la Asteria. Hata angeingia fundi wa umeme, chini ya ukurasa lingetoka jina lile lile, Asteria."

"Polisi wanajua hilo?"

"Hawakuniuliza."

"Hawakukuuliza!" Ernesta alisogea hadi kijana akagusa ukuta kwa mgongo. "Mwenzako amelala sakafuni, wewe unavuta sigara unangoja kuulizwa? Mkoloni aliondoka lini hapa? Bado tunaishi kwa 'sikuulizwa'?"

"Mama, na mimi nina kazi moja tu."

"Ripoti ile uliandika wewe?"

"Hapana."

"Ungejibu hivyo hivyo hata kama uliandika."

"Ningejibu hivyo hivyo," alikiri Salimu.

Ernesta aliteremka ngazi, akaketi kwa yule mama muuza chai, akaifungua ripoti. Jambo moja lilikuwa limekwisha thibitika: jina chini ya ukurasa halina maana yoyote. Walioweza kuandika walikuwa watatu, na jina kuwa la Asteria hakukuthibitisha kwamba ni yeye. Lakini hakimu hatamwachia mtu kwa sababu wengine nao wangeweza. Alihitaji mkono ulioandika.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa duara kubwa la kijani, ndani yake namba nene ya wanunuzi. Huo ndio ukurasa uliosomwa kwenye mkutano wa wakulima. Mwenyekiti aliufungua kwenye simu yake, akaisoma namba kwa sauti, watu wakapiga makofi, wakaenda kuchukua majembe. Kurasa za nyuma hakuna aliyezifungua. Ernesta alizifungua moja moja, akalamba kidole, akaendelea. Ukurasa wa tatu, maneno matupu. Wa nne, picha ya mlima. Wa sita ulionyesha ziara za shamba kwa video: mnunuzi aliye Dar au Nairobi anapiga simu ya picha, na mtu wa ushirika anatembea naye shambani akimwonyesha mazao. Kila siku ya wiki ilikuwa na nguzo yake ya rangi. Jumatatu fupi, Jumanne fupi, zinapanda taratibu kama ngazi za mtu mvivu, na nguzo ndefu kuliko zote, nyekundu, imesimama juu ya Jumamosi.

Aliweka kikombe chini.

"Chai imepoa, nikuongezee?" aliuliza mama muuza chai.

"Chai iko sawa. Mimi ndiyo nimechemka."

Ndivani ni Wasabato, kijiji kizima. Jua likizama Ijumaa, majembe yanawekwa, duka linafungwa, simu ya ushirika inazimwa na kufungiwa kabatini, na haiwashwi mpaka jua la Jumamosi lizame. Ernesta mwenyewe alikuwa Mlutheri wa Gonja, lakini tangu utoto alijua hilo kama anavyojua mvua inatokea upande gani. Hata anayewatania majirani zake anajua siku ya kwenda kuwatania. Asteria alizaliwa Ndivani na kulelewa kwenye benchi la kanisa lile. Angeweza kubuni namba za kila aina, ila mkono wake usingeandika kwamba siku ya Sabato mtu wa Ndivani alikuwa anatembeza wanunuzi shambani, tena siku hiyo kuliko siku zote.

Je, aliandika hivyo makusudi ili ajitetee baadaye? Hapana. Anayedanganya akiamini kwamba hakuna atakayefungua ukurasa wa sita hapandi humo mbegu ya utetezi. Nguzo ile ilichorwa na mtu wa mjini, ambaye kwake Jumamosi ni siku ya sokoni na mauzo.

Wakabaki wawili. Salimu wa Makanya, Mwislamu wa tambarare: huenda hajui mambo ya mlimani. Na Melkizedeki, ambaye kila mkutano wa hadhara huanza kwa kusema "mimi mtoto wa mlima huu."

Alimpigia simu Mzee Elibariki.

"Shikamoo, mzee. Ni Ernesta wa Gonja."

"Marahaba. Kama ni habari za yule binti, mwanangu, mwizi yuko ndani. Tunataka nini tena?"

"Nataka unisaidie jambo moja leo hii. Mpigie Melkizedeki, umwambie ushirika uko tayari kuendelea naye, ila safari hii mnataka kuchagua wenyewe programu ya ripoti. Aje mchana huu ghalani aionyeshe, na Salimu aje naye."

"Kuendelea naye? Watu watanipiga mawe!"

"Mzee, ulitaja jina la mtoto wa jirani yako mbele ya polisi. Ulipolitaja ulikuwa umeisoma ripoti mpaka mwisho?"

Upande wa pili walisikika kuku.

"Nitampigia," alisema mzee.

Barabara ya Gonja kutoka Same inazunguka mlima kwa nyuma, inapita Kisiwani, vumbi tupu upande wa mbuga na kijani tupu upande wa kilele. Ernesta aliendesha pikapu yake ya zamani, akihesabu kwa hasira madhambi ambayo eneo hilo limetendewa. Tambarare ile ilikuwa ya katani, na waliokata katani wamekufa maskini. Kule Makanya jasi inachimbwa, na nyumba za wachimbaji hazina hata lipu. Juu huko ilikuwa kahawa, bei ya kahawa ikaanguka, ikaondoka na ada za watoto. Na kabla ya yote, babu zetu waliwekewa kodi ya mbiru: mtu aliketi mezani akakadiria utajiri wa mtu asiyemjua, akaandika namba, na ile namba ikawa ndiyo ukweli, na mwenye mali akaambiwa alipe. Wapare waliteremka kwa miguu mpaka Same kuikataa. Hawakukataa kodi, walikataa kukadiriwa. Leo mjukuu wa watu wale wale amenunua laptopu, anawakadiria wenzake kwa rangi ya kijani.

Ghala la Ndivani lilisikika kabla ya kuonekana, kwa pua. Tangawizi ikiwa nzima hunukia, ikioza huchoma koo. Maji ya kahawia yalikuwa yanachuruzika chini ya magunia hadi kwenye mtaro. Wakulima wachache walikuwa wamekaa nje. Loth, mtunza ghala, mtu mwembamba mwenye kofia ya sufu, ndiye aliyekuwa akishika simu ya ushirika na kuwatembeza wanunuzi wachache waliowahi kupiga.

"Ng'ombe wenyewe wameikataa," alimwambia Ernesta. "Tumewapa, wakatutazama kama wajinga. Na hawakukosea."

Melkizedeki alifika na gari safi, Salimu kando yake. Alishuka akiwa ameshatabasamu.

"Wazee wangu, shikamooni! Nimerudi nyumbani! Mimi mtoto wa mlima huu, nyie mnanijua."

"Marahaba," walijibu wawili, watatu.

"Nyumba ya baba yako paa limeanguka," alisema Loth. "Mtoto wa mlima, ulipita kuiona?"

Watu walicheka kwa pua. Melkizedeki naye alicheka, zaidi ya wote.

Ernesta alisema kesi ya Asteria ameiacha polisi, sasa yupo kuusaidia ushirika kuchagua. Akawakalisha Salimu na Melkizedeki juu ya magunia makavu mawili, wamepeana migongo, kila mmoja na laptopu yake.

"Wazee hawa hawataki hotuba," alisema. "Wanataka kuona programu inavyofanya kazi. Kila mmoja atengeneze ripoti ya mfano kwa Ripotika, wiki moja ya kawaida ya Ndivani. Ukurasa mmoja tu, ziara za shamba kwa video. Wekeni namba mnazoona zinafanana na ukweli. Mkimaliza tutazisoma."

"Hilo tu?" alisema Melkizedeki. "Dakika mbili."

"Hilo tu."

Alimaliza kabla ya Salimu. Vidole vyake vilikimbia bila kusita. Salimu alijaza, akatulia, akajikuna kidevu, akajaza.

"Salimu aanze," alisema Ernesta. "Geuza kioo wazee waone."

Nguzo zilikuwa tano zinazokaribiana, na nyingine ndogo Jumapili. Juu ya Jumamosi palikuwa patupu.

"Jumamosi umesahau?" aliuliza Ernesta.

"Sijasahau, mama. Jumamosi hapa simu haipokelewi. Baba yangu ananunua tangawizi mlimani miaka yote. Siku moja alijisahau akapanda Jumamosi, akarudi Makanya na magunia matupu, nyumbani tunamcheka mpaka leo. Mama akitaka kumkasirisha anamwambia, 'Nenda Ndivani Jumamosi.'"

Safari hii kicheko kilikuwa cha kweli, hata Mzee Elibariki alitikisika mabega. Mtu mmoja tu hakucheka. Melkizedeki alikuwa anainamisha kioo cha laptopu yake polepole.

Ernesta aliweka mkono wake juu ya kioo. "Iache wazi. Igeuze."

"Nilikuwa sijamaliza, ngoja nirekebishe..."

"Makosa?"

Loth ndiye aliyekigeuza. Nguzo zilipanda taratibu tangu Jumatatu, na juu ya Jumamosi ilisimama moja ndefu kuliko zote. Ernesta akatoa kwenye mkoba ripoti ya mwezi uliopita, akaifungua ukurasa wa sita, akaishika kando ya kioo, akavipiga picha pamoja kwa simu yake. Ngazi ile ile, kilele kile kile. Mkono ukizoea kudanganya huwa na mwandiko wake.

Kisha Loth akavua kofia.

"Jumamosi hizo zote mimi nilikuwa kanisani," alisema. "Simu ilikuwa kabatini, ufunguo mfukoni mwangu. Wanunuzi wote hawa nani aliwatembeza shambani? Malaika?"

"Ni mfano tu!" alisema Melkizedeki. "Mmeniambia nibuni, nimebuni. Huu ni ushahidi gani? Jina kwenye ripoti ni la Asteria!"

"Jina ni la akaunti," alisema Salimu. Alikuwa amesimama. "Akaunti ni moja, tunaitumia wote, na wewe bosi ndiye uliyesema tusimwambie mtu. Ijumaa ile ripoti ilipotoka, Asteria alikuwa ameshaondoka kuwahi Sabato. Uliniambia nikupishe pale mezani, nami nikakupisha."

"Funga mdomo wako! Umefukuzwa kazi!"

"Nashukuru."

"Melkizedeki," alisema Ernesta, "tangazo la hawa watu lilikuwa hewani mwezi ule?"

"Hayo mambo ni ya kitaalamu."

"Lilikuwa hewani, halikuwa hewani?"

Ndipo mtoto wa mlima alipolipuka. Alisimama, akawaonyesha kidole mmoja mmoja, wazee na vijana, kama mwalimu anayewakaripia wanafunzi.

"Lilikuwa limesimama! Limesimama wiki nyingi! Sasa ningewaambia nini? Grafiko ingewaonyesha sifuri, mngekuja kunizomea ofisini. Nyinyi mlitaka namba, nikawapa namba! Mlipiga makofi! Nilikuwa kwenye simu, nikayasikia makofi yenu! Kuna hata mmoja aliyeniuliza ukurasa wa pili? Kuna aliyeuliza hawa wanunuzi ni akina nani? Mnalia nini sasa?"

"Ungetuambia limesimama," alisema Loth taratibu. "Tangawizi ingebaki udongoni. Udongoni haiozi."

Melkizedeki alifunga laptopu yake, akageukia gari.

"Na Asteria?" alisema Ernesta. "Mtoto aliyekwambia chagua programu isiyodanganya, ukachagua nyingine, halafu ukamtupa ndani kwa jina lake mwenyewe?"

"Mwenyekiti ndiye aliyemtaja polisi. Mimi nilimsindikiza tu."

Vichwa vyote viligeuka kwa Mzee Elibariki. Mzee alikuwa anatazama maji ya kahawia yakipita kati ya viatu vyake.

"Salimu, utaandika maelezo," alisema Ernesta. "Loth, na wewe. Mzee, panda mbele. Huyu mwacheni na gari lake, barabara ni moja na polisi wana namba zake."

Waliingia Same jua likiwa bado juu ya vilima vya magharibi. Kituoni, Rogathe, mama wa Asteria, alikuwa kwenye benchi la nje na chupa ya uji ambao haukuruhusiwa kuingia. Alipomwona Elibariki akishuka kwenye pikapu alisimama, akampa kisogo.

Afande Amiri, aliyekuwa zamu ya upelelezi, alimjua Ernesta tangu enzi za sare. Aliwasikiliza, akachukua maelezo ya Salimu na ya Loth, akayasoma mara mbili, akaiweka ripoti na ile picha ya Ernesta sambamba mezani.

"Jumamosi," alisema, akapuliza pumzi. "Mimi mke wangu wa Ndivani. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilipiga simu Jumamosi, nilinuniwa mpaka Jumanne." Akainuka. "Sawa. Kesho asubuhi namwita Senkoro."

"Kesho asubuhi Asteria anaitwa mwizi mahakamani."

"Namwita leo. Umefurahi? Na binti nampa dhamana sasa hivi, ndugu mmoja aweke saini aende nyumbani."

Akapiga kelele kuelekea korido. Asteria alitokea na mlinzi wa kike, viatu mkononi, nywele zimeshikana upande mmoja, nguo ile ile ya jana. Alimtazama mama yake mlangoni, akamtazama Salimu, ambaye hakuweza kurudisha macho. Akaketi kwenye benchi la mbele ya kaunta.

"Umeachiwa kwa dhamana," alisema Afande Amiri. "Mama yako aweke saini."

"Asiweke."

"Unasemaje?"

"Dhamana wanapewa watuhumiwa," alisema Asteria. Sauti ilikuwa kavu kwa kiu. "Mimi nimetuhumiwa na nani? Nikitoka na dhamana, Ndivani watasema ametoka kwa kujuana. Sitoki."

"Asteria, mwanangu!" alisema Rogathe mlangoni.

"Mama, sitoki. Aliyenitaja yupo hapa. Aseme yeye."

Ernesta hakumsaidia mtu. Afande Amiri alilivuta jalada, akafungua ukurasa wa malalamiko, akaugeuzia upande wa pili wa kaunta.

"Mlalamikaji ni nani?"

Mzee Elibariki alisogea. Kwa miaka mingi hakuwahi kusimama kaunta ya mtu akiwa amevua kofia. Aliivua.

"Ni mimi."

"Unalalamika nini?"

"Silalamiki tena. Nafuta."

"Hapa hatufuti, mzee. Hapa unasema sababu, mimi naandika."

Mzee alitazama karatasi, akatazama ukuta. Nje lori lilishuka kwa breki, honi ikapita, ikapotea upande wa Mombo.

"Nilitaja jina la binti huyu bila kusoma," alisema.

"Bila kusoma nini?"

"Ripoti."

"Yote?"

"Nilisoma ukurasa mmoja. Mengine niliyoyasema hapa niliambiwa na mtu mwenye shati jeupe, nikayameza, kwa sababu yeye ana ofisi na huyu ni mtoto wa mjane." Akagonga karatasi kwa kidole. "Andika hivyo hivyo."

Afande aliandika hivyo hivyo, akampa kalamu. Mzee akaweka saini.

Asteria akavaa viatu, mmoja, halafu wa pili, akafunga kamba bila haraka. Akainuka. Alimpita Mzee Elibariki pale kaunta bila shikamoo, na kati ya watu wote waliokuwamo mle ndani hakuna aliyemkemea.